Chemba ya mawingu: semina inaonyesha michirizi, darasani inagoma. Nani mchawi?

#1 MwlMawingu
Wakuu, salaam. Swali hili ni la walimu wa fizikia na nyie mnaosimamia programu za shule kwenye maabara za utafiti.

Mtindo mnaujua. Maabara inaita walimu kwa siku mbili, kila mmoja anajenga chemba yake ya mawingu (boksi lenye mvuke wa pombe linaloonyesha njia za chembe za mnururisho kama michirizi ya ukungu) kwa mikono yake na anaondoka nayo. Kule semina michirizi inatokea ndani ya dakika kumi na watu wanashangilia. Chemba ileile ikifika darasani, wanafunzi 40 wanazunguka boksi wakitazama giza.

Vipimo vyenyewe: boksi la plastiki angavu, sm 30 kwa 20, kimo sm 15, limegeuzwa mdomo chini. Felti (kitambaa kinene cha kushika pombe) ya mm 3 imebanwa juu, upande wa ndani. Isopropanoli, yaani ile pombe, ml 30. Sahani ya aluminiamu ya mm 2 iliyofunikwa tepu nyeusi ya umeme. Chini yake barafu kavu (kabonidioksidi iliyoganda) ya vidonge, kina cha sm 3, ndani ya trei ya povu. Taa ni tochi ya LED. Baada ya dakika 20 naona kimvua kidogo kinadondoka karibu na sahani, basi. Hakuna mchirizi hata mmoja.

#2 JotoHasi
Isopropanoli ya asilimia ngapi? Kama ni ile ya 70 ya kusafishia vidonda, uzi ufungwe. Maji yaliyomo yanaganda kwenye sahani na kukuachia utando mweupe, na mvuke wa pombe wenyewe unakuwa haba. Inatakiwa 99 au zaidi.

#3 MwlMawingu
Ni 99. Kopo lilelile tulilopewa semina.

#4 JotoHasi
Lilikaa wazi? Isopropanoli inavuta unyevu wa hewa. Kopo lisilofungwa vizuri halibaki 99.

#5 SahaniNyeusi
Hapo JotoHasi anatafuta mbali. Tatizo liko kwenye neno "vidonge". Semina nyingi hutumia barafu kavu ya bapa, iliyonyooka kama kigae. Sahani inakaa juu yake uso kwa uso. Vidonge vinagusa sahani kwenye vincha tu, katikati kuna gesi, na gesi haipitishi baridi vizuri. Isitoshe, gesi inayotoka inainyanyua sahani kidogo kidogo. Ukisikia chuma kinapiga kelele kama filimbi mbovu, ujue ndiyo gesi inatafuta njia.

Dawa: vitie vidonge kwenye mfuko wa kitambaa, viponde kwa nyundo ya mbao mpaka viwe kama chumvi ya mawe, tandaza, sawazisha kwa kipande cha ubao, kisha weka sahani na uikandamize. Glovu nene, miwani ya kinga. Na usiifungie barafu kavu kwenye chombo kisichopumua, hata kwa dakika mbili.

#6 Bi_Kipimo
Kabla ya kuponda chochote, pima. Uso wa sahani ni nyuzi ngapi? Barafu kavu yenyewe ni −78, lakini sahani huwa juu ya hapo kwa sababu inapokea joto kutoka juu muda wote. Uso ukiwa −20 utapata kimvua tu. Ukishuka chini ya −30 mambo yanaanza kuwa mazuri.

#7 MwlMawingu
Nimepima kwa kile kipimajoto cha bastola, cha kuelekeza. Kinasema −9.

#8 Bi_Kipimo
Ulielekeza kwenye tepu au kwenye aluminiamu tupu? Na ulipimia nje ya boksi au kupitia plastiki? Kipimajoto cha miale ya joto kinadanganywa na chuma kinachong'aa: kinasoma joto la dari lililoakisiwa, si la chuma. Kupitia plastiki ndiyo kabisa, unapima plastiki. Tumia themokapo nyembamba (waya wa kupima joto kwa kugusa), ncha yake uibandike kwenye sahani kwa kipande cha tepu, waya upite kwenye kona.

#9 Kurunzi
Nyote mnahangaika na baridi, wakati huenda michirizi ipo na hamwioni. Tochi imekaa wapi?

#10 MwlMawingu
Juu, naishika kwa mkono nikimulika chini.

#11 Kurunzi
Umeona sasa. Matone ya mchirizi ni madogo mno, na mwanga yanayoupokea huutupa zaidi kuelekea mbele, kule mwanga unakokwenda. Anayesimama nyuma ya tochi anapata kiasi kidogo kabisa. Laza tochi pembeni, usawa wa sm 1 juu ya sahani, mwanga uteleze juu ya uso bila kuigonga sahani. Mtazamaji akae upande wa pili, macho yake yakielekea kwenye mwanga kwa mshazari, si moja kwa moja. Ziba nusu ya kioo cha tochi kwa tepu upate mwanga bapa. Halafu zima taa za darasa, funga mapazia. Semina hufanyikia kwenye chumba cha giza na hakuna anayeliona hilo kama sehemu ya kifaa.

#12 SahaniNyeusi
Kurunzi, hoja ya mwanga naikubali, ila kimvua anakiona. Anayeona kimvua angeona na mchirizi wa alfa (chembe nzito yenye chaji), maana ule ni mnene kama uzi wa sufi.

#13 Kurunzi
Alfa ndiyo. Lakini darasani alfa itoke wapi? Kule semina walikuwa na chanzo ndani ya boksi, bila shaka kile kijiti cha kuchomelea cha tangsteni chenye toriamu (metali inayotoa alfa). Mwalimu kaondoka na boksi bila kijiti.

#14 MwlMawingu
Kweli kulikuwa na kijiti chenye ncha nyekundu. Hatukupewa.

#15 Mkongojo
Kumbe! Yaani mliangalia mechi yenye mchezaji wa kukodi, mkarudi nyumbani mkashangaa timu haifungi 😂

#16 FundiFelti
Tucheke, lakini chemba nzuri haihitaji kijiti. Miale ya kosmiki, yaani chembe zitokazo angani, inatosha. Kwenye usawa wa bahari muoni (chembe za miale hiyo zinazofika ardhini) zinazopita kwenye uso uliolala ni takribani 1 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Sahani ya 30 kwa 20 ni sm 600 za mraba, kwa hiyo muoni 600 kwa dakika, yaani 10 kila sekunde. Asione hata moja?

Mimi naona ni uvujaji. Boksi limekaa juu ya sahani, ukingo umezibwa kwa nini? Ufa wa milimita 1 unatosha kuleta upepo ndani, na tabaka lenye mvuke uliozidi kiwango ni sm 1 tu kutoka kwenye sahani. Upepo mdogo unalikoroga, kwisha habari. Zungushia plastisini (udongo laini wa kuchezea) au mpira wa dirisha. Ukungu unaosafiri kuelekea upande mmoja ni ushahidi wa uvujaji. Ukitulia kama shuka, boksi limeziba.

#17 Bi_Kipimo
FundiFelti, hesabu yako ya 10 kwa sekunde iko sawa kwa zinazopita, haiko sawa kwa zinazoonekana. Muoni nyingi hushuka karibu wima. Kwenye tabaka la sm 1, ya wima inaacha kadoa ka sm 1 kanachotazamwa kutoka juu kama nukta, na wanafunzi hawaitambui. Michirizi mirefu ya kupendeza ni ya zile zilizokuja kwa kulala, ambazo ni chache. Pia sehemu iliyokwisha kutoa matone inahitaji muda kujaza mvuke upya.

#18 FundiFelti
Nakubali marekebisho. Uvujaji bado nimeushikilia.

#19 Nukta_Mbili
Habari za humu. Naomba kuuliza la pembeni: kwa nini iwe lazima juu pawe na joto? Si baridi ndiyo inayofanya kazi?

#20 JotoHasi
Si la pembeni hata kidogo. Chemba hii inaishi kwa tofauti ya joto. Juu, felti inatoa mvuke. Mvuke unashuka, unapoa, unafika mahali ambapo ungepaswa kuwa kimiminika lakini hauna pa kushikia. Chembe yenye chaji ikipita inaacha ayoni (atomi zenye chaji) njiani, mvuke unazishika hizo, matone yanajipanga. Juu pakiwa baridi, mvuke haushuki wa kutosha. Darasa lenye kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja juu ya boksi linaua chemba bila mtu kugusa kitu. Weka bakuli la chuma lenye maji ya uvuguvugu juu ya boksi, nyuzi 40 hivi. Yasiwe ya moto: isopropanoli inaweza kushika moto mvuke wake ukifika nyuzi 12 tu, kwa hiyo mshumaa, jiko na tambi za umeme zikae mbali kabisa.

#21 Mkongojo
Kwa hiyo mpaka sasa wachawi ni: pombe, vidonge, kipimajoto, tochi, kijiti, ufa, na kiyoyozi. Bado mlinzi wa shule.

#22 Mzee_wa_Sirinji
Ongeza na ml 30. Kwa felti ya saizi hiyo zinaweza kuzidi. Felti inapaswa iloe bila kudondosha. Ikidondosha, tone linaanguka kwenye sahani, linarusha ukungu, na tabaka linavurugika kila sekunde chache. Huenda "kimvua" anachokiona MwlMawingu ni mchuruziko wa felti yake mwenyewe! Pakia kwa sirinji, ml 5 kwa wakati, ukizunguka kingo kuelekea katikati, kisha igeuze felti na uitikise kidogo. Ikidondosha, imezidi. Na kama felti imegundishwa kwa gundi ya moto, iangalie: isopropanoli hulegeza gundi hiyo ikikaa nayo muda. Sumaku ndogo pande mbili za plastiki zinashika vizuri zaidi.

#23 FundiFelti
Na boksi ni la plastiki gani? Kama ni akriliki, pombe huipasua vinyufa kama utando wa buibui, hasa kwenye kona zilizokatwa. Mwaka wa pili halionekani ndani. Tangi la samaki la kioo ni zito lakini linadumu.

#24 Mwanahistoria_X
Jamani, inapendeza kuona kifaa cha Wilson cha 1911 bado kinagombaniwa. Huyu bwana alipata Nobel kwa barafu kavu na felti.

#25 Bi_Kipimo
Hapana mkuu. Chemba ya C.T.R. Wilson haikuwa na barafu kavu. Yake ilipoza hewa yenye mvuke kwa kuitanua ghafla kwa pistoni, kwa hiyo inaona kwa kitambo kifupi tu, kisha unaanza upya. Ni kweli michirizi aliipiga picha mwaka 1911 na Nobel aliipata 1927, akigawana na Compton. Hii ya kutazama mfululizo, ya mvuke unaoshuka wenyewe, ni ya Alexander Langsdorf, miaka ya 1930.

#26 Mwanahistoria_X
Nimesimama kusahihishwa. Ila Wilson alianza kwa kutaka kutengeneza mawingu baada ya kukaa kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis mwaka 1894. Hakuwa anatafuta mnururisho. Hilo ningewaambia wanafunzi kabla ya kuwaonyesha boksi.

#27 Nukta_Mbili
Asante JotoHasi. Sasa tukiweka sumaku ya nguvu chini ya sahani, muoni itapinda? Mwanafunzi mmoja ameuliza na mwalimu akasema ndiyo.

#28 Bi_Kipimo
Itapinda, hutaiona. Chukua muoni ya kawaida yenye nishati ya GeV 4 na sumaku yenye nguvu ya tesla 0.1. Nusu kipenyo cha mpindo wake ni mita 130 hivi. Kwenye mchirizi wa sm 20, katikati unaacha mstari mnyoofu kwa mm 0.04. Jicho halioni hilo. Elektroni ya MeV 1 (nishati ndogo mara elfu kuliko GeV 1) ndiyo inayopinda kwa nusu kipenyo cha sm 5 hivi, lakini hiyo hujipindapinda hata bila sumaku kwa sababu ya kugongana na hewa, kwa hiyo mpindo mmoja si ushahidi. Mwanafizikia Carl Anderson alipoikuta positroni (elektroni yenye chaji chanya) mwaka 1932 alikuwa na sumaku ya maabara, kubwa, pamoja na bamba la madini ya risasi la mm 6 katikati ya chemba ili ajue chembe imetokea upande gani.

Na tukiwa hapohapo: si kila mchirizi mwembamba ulionyooka ni muoni. Elektroni za kasi zilizorushwa na miale ya gama ya kuta na sakafu nazo hunyooka. Waongozaji wengi wa maabara wanawaambia watoto "ile pale muoni!" kwa uhakika wasiokuwa nao.

#29 Mratibu_Ziara
Mimi niko upande wa wanaotembeza vifaa shuleni, nakiri kosa hilo la mwisho. "Labda ni muoni" haipigiwi makofi.

Lakini nina neno kuhusu usalama, naona mmeliruka. Kilo 1 ya barafu kavu ikiisha inatoa lita 540 hivi za kabonidioksidi. Darasa la mita 8 kwa 7, kimo 3, ni mita za ujazo 168. Kilo 5 zikiyeyukia humo bila hewa kuingia, unafika asilimia 1.6, wakati kikomo cha kawaida mahali pa kazi kwa saa 8 ni asilimia 0.5. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, na watoto huinamia meza. Fungueni madirisha.

#30 Kurunzi
Ukifungua madirisha umeingiza mwanga na upepo 😅

#31 Mratibu_Ziara
Pazia zito mbele ya dirisha lililo wazi, boksi mbali na dirisha, na barafu iwe kilo 2 tu. Kwa sahani ya saizi hiyo zinatosha kipindi kimoja.

#32 MotoBaridi
Au achaneni na barafu kavu. Vipande viwili vya Peltier (vinavyohamisha joto kutoka uso mmoja hadi mwingine kwa umeme) vya sm 4 kwa 4, kimoja juu ya kingine, pasta ya joto katikati. Cha chini volti 12, cha juu volti 5, umeme kutoka kwenye pawasapulai ya kompyuta. Ukikipa cha juu volti 12 nacho, kinazalisha joto ambalo cha chini hakiwezi kulibeba, na sahani inapanda badala ya kushuka. Hapo wengi wanaanguka. Upande wa moto upozwe kwa maji, siyo feni ndogo. Kisha kikombe cha kioo juu, pete ya felti ndani. Uso ni mdogo, kwa hiyo weka kamera juu na utupe picha kwenye projekta.

#33 SahaniNyeusi
Sm 16 za mraba. Muoni 16 kwa dakika, nyingi wima. Wanafunzi watasinzia.

#34 MotoBaridi
Ila inawaka Jumatatu hadi Ijumaa bila kusubiri gari la barafu.

#35 Mzee_wa_Sirinji
Kwa alfa bila kijiti: puto. Lipulize, lisugue kwa sufi, litundike chumba kilichofungwa kwa nusu saa au zaidi. Linakusanya vizao vya radoni (gesi yenye mnururisho) vilivyoko hewani. Litoe hewa taratibu, kata kipande, kilaze ndani ya chemba upande uliosuguliwa ukiwa juu. Uwahi, nguvu yake inashuka kwa nusu ndani ya dakika 40 hivi. Chumba chenye hewa nyingi kitakupa kidogo sana.

#36 FundiFelti
Tukishasugua, sugua na paa la boksi. Chaji juu ya plastiki inafagia ayoni za zamani, michirizi mipya inatoka safi. Volti mia kadhaa kati ya juu na sahani hufanya vivyo hivyo, lakini darasani sitaki hata kuliongelea.

#37 JotoHasi
Chaji hiyo, au ni kiganja chako kilichopasha paa joto? Wasuguaji huwa hawapimi.

#38 FundiFelti
Sugua kwa fimbo iliyofungwa sufi basi, kiganja kikae mbali. Nakusubiri.

#39 Darasa_Wazi
Naona mmesahau swali la kwanza: kwa nini semina inafanikiwa? Kwa sababu fundi wa maabara amefika saa moja kabla, amesawazisha meza kwa pimamaji, amejaribu boksi tatu na kuweka mbele lililo bora. Mwalimu anafundishwa kujenga, hafundishwi kutafuta hitilafu. Ningekuwa na mamlaka, siku ya pili ya semina ningempa kila mwalimu chemba iliyoharibiwa makusudi: moja ina ufa, nyingine ina maji kwenye pombe, nyingine sahani imeinama upande. Watafute.

#40 Mratibu_Ziara
Wazo zuri, ila siku mbili hazitoshi, na baadhi ya maabara zimeamua kuachana na vifaa kabisa. Masterclass za kimataifa (siku za mafunzo kwa wanafunzi), zilizoanza 2005, zinawapa wanafunzi data halisi ya majaribio kama ATLAS na CMS ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, wanachambua siku moja na kumalizia kwa mkutano wa video na shule za nchi nyingine. Hakuna kinachovuja.

#41 SahaniNyeusi
Wala hakuna wanachokigusa. Afadhali shindano la Beamline for Schools, tangu 2014, timu inabuni jaribio lake na washindi wanaenda CERN kulifanya.

#42 Bi_Kipimo
Si kila mwaka CERN. Mwaka 2019 mashine zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo, washindi wakaenda maabara ya DESY, Hamburg. Na hizo ni timu chache mno kwa dunia nzima. Anayeuliza hapa ana wanafunzi 40 na boksi moja.

#43 MwlMawingu
Wakuu, mrejesho. Nimeponda vidonge, nimezungushia plastisini, nimepunguza isopropanoli hadi ml 15, tochi nimeilaza pembeni, na kiyoyozi nimezima. Themokapo inasoma −41. Dakika ya 12 MICHIRIZI. Mirefu miwili mitatu kila sekunde chache, na mmoja mfupi mnene kama kidole cha chaki. Shukrani zenu zote.

#44 SahaniNyeusi
Nilisema. Vidonge.

#45 Kurunzi
Tochi.

#46 FundiFelti
Plastisini, na hamtaki kukubali.

#47 Bi_Kipimo
Mwalimu, umebadilisha vitu vitano kwa mpigo. Hongera, lakini sasa hakuna anayejua kilichofanya kazi. Rudisha kimoja kimoja. Anza na tochi, maana haihitaji kufungua boksi.

#48 MwlMawingu
Tochi nimeirudisha juu sasa hivi. Ule mnene bado unaonekana, ile miembamba imepotea.

#49 Kurunzi
😎

#50 JotoHasi
Washa kiyoyozi sasa, tochi ikiwa imelala. Usiguse kingine.

#51 MwlMawingu
Barafu imeisha.